Mjue perege anavyozaa kabla bwawa halijajaa vidagaa

Wafugaji wengi wa Bagamoyo wana kilio kimoja: bwawa linatunzwa miezi sita, wavu ukivutwa wanatoka samaki tele wa saizi ya kidole, wasio na soko. Lawama huangukia chakula. Mara nyingi chanzo ni uzazi wa perege mwenyewe.

Perege wetu wa asili wa mito ya Wami na Ruvu ni Oreochromis urolepis. Ana mwili bapa wa kijivu na pezi refu la mgongoni lenye miiba. Dume aliye tayari kuzaa hugeuka mweusi, na kingo za pezi la mgongo na mkia huwa nyekundu. Hupenda maji yaliyotulia, na huvumilia chumvichumvi, jambo la heri kwa sisi wa pwani.

Dume huchimba shimo la duara kwenye tope. Jike akishataga, huyaokota mayai yote na kuyaatamia mdomoni. Kwenye maji ya joto huanguliwa baada ya siku 3 hadi 5, lakini vifaranga hubaki humo mpaka waweze kuogelea wenyewe. Muda huo wote jike hali kitu cha maana, kwa hiyo hakui. Baada ya wiki chache anaanza tena. Huku hakuna baridi ya kumsimamisha, na bwawani anaweza kuanza kuzaa akiwa na miezi mitatu tu.

Basi tenganisha madume na majike wakifikia gramu 30 hivi, ufuge madume tu. Fanya asubuhi, kwenye ndoo yenye maji safi. Mgeuze samaki tumbo juu, futa sehemu iliyo mbele ya pezi la chini lililo karibu na mkia, kisha paka wino kidogo ili matundu yaonekane. Dume ana matundu 2: la haja kubwa, na lingine kwenye ncha ya kichomozo kidogo. Jike ana 3, na lile la mayai ni mstari mfupi uliokaa kwa upana. Kazi hii inahitaji macho na subira. Ukiwa na shaka, mhesabu kuwa jike, kwa sababu majike wachache tu wanatosha kukuharibia bwawa zima. Madume panda 2 hadi 3 kwa mita ya mraba kama unategemea samadi na pumba.

Ipo pia njia ya kupandisha. Mwaka 1960 mtafiti Hickling alieleza kwamba madume wa jamii ya perege huyu, waliotoka Zanzibar, wakipandishwa na majike wa perege wa Msumbiji huzaa madume watupu. Lakini hiyo ni kazi ya kituo cha kuzalisha vifaranga, kwani mbegu ikichanganyika kidogo tu, matokeo yanaharibika.

Nasisitiza jambo moja: usifuge sato wa kuletwa kwenye bonde linalofurika. Akitoroka anazaana na perege wa mtoni, na mbegu yetu ya asili inapotea. Inua tuta lipite alama ya mafuriko ya masika, na funga wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji.