Mtihani wa kompyuta unaomfuata mtahiniwa: anza na maswali

Darasa langu la hesabu la watu wazima hapa Majengo lina mama aliyeishia darasa la nne na kijana mwenye cheti cha kidato cha nne. Wape karatasi moja ya maswali 40: mama atayakodolea macho maswali 30 asiyoyaweza, na kijana atayamaliza 30 ya mwanzo bila kukuonyesha lolote jipya. Ndiyo sababu nawasihi walimu wenzangu, hata wenye kompyuta chache kuukuu, watengeneze mtihani unaomfuata mtu: akipata, swali linalofuata huwa gumu zaidi, akikosa, huwa jepesi zaidi. Wauguzi wanaoomba leseni ya Marekani wanapimwa hivyo tangu 1994.

Usikimbilie programu. Kazi kubwa ni benki ya maswali. Ukitaka kila mtu aulizwe maswali 25, tafuta mara kumi ya hayo, na uhakikishe yapo mepesi sana na magumu sana, kwa maana walimu wengi hujaza ya katikati. Geuza wazo lile lile: "Mahamri 6 ni shilingi 90, 4 ni shilingi ngapi?" Kisha: "Samaki kilo moja na robo ni shilingi 500, kilo moja na nusu ni shilingi ngapi?" Yote mawili ni ya uwiano, lakini la pili linadai sehemu pia.

Ugumu wa swali usiukisie, waachie watahiniwa waseme. Swali la kutoa 365 kwenye 1000 huwatesa wengi likiwa kwenye karatasi, lakini ukiliandika kama chenji, wauzaji wa Marikiti wanalijibu kabla hujamaliza kusoma. Kwa hiyo kila swali lijibiwe kwanza na watu kama mia moja hivi. Si lazima wote wajibu yote. Gawa maswali mafungu mafungu, mradi kila fungu liwe na machache yanayojirudia kwenye mengine, ili vipimo vyake viungane.

Kisha tumia modeli ya Georg Rasch, mwanahisabati wa Denmark aliyeichapisha 1960. Uwezo wa mtu na ugumu wa swali hukaa kwenye ngazi moja. Vikilingana, ana nafasi ya asilimia 50 ya kupata. Uwezo ukizidi kwa kipimo kimoja cha ngazi hiyo, nafasi hupanda hadi 73. Kwa viwili, 88. Zidisha nafasi ya kupata kwa nafasi ya kukosa, utajua swali limekupa habari kiasi gani: 0.25 vikilingana, 0.10 tu uwezo ukizidi kwa viwili. Jumlisha habari ya maswali yote, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha gawanya 1 kwa hicho. Hilo ndilo kosa la kipimo chako, yaani kadiri ya uwezo uliyopata inavyoweza kupotoka kwenye ngazi hiyo. Maswali 16 yaliyolingana na mtu hasa yanakupa 0.5, maswali 25, 0.4. Mimi ningesimamisha mtihani kosa likifika 0.4, au maswali yakifika 40.

Hapa pana jambo ninaloling'ang'ania. Kitabuni, swali bora ni la nafasi ya 50, maana yake mtu atakosa nusu ya mtihani mzima. Mtu aliyeikimbia shule kwa kuaibishwa hatarudi kesho. Chagua maswali ya nafasi ya 70: habari inakuwa 0.21, kwa hiyo utaongeza maswali kama moja ya tano tu. Gharama hiyo ilipe.

Anza na swali jepesi kidogo. Mtu akipata yote ya mwanzo, hesabu tupu itampa uwezo usio na kikomo. Mpandishe hatua kwa hatua mpaka akose mara moja, ndipo ukadirie. Kompyuta isichukue kila mara swali moja linalofaa zaidi. Ichague kwa bahati kati ya matano yanayofaa, la sivyo maswali yako yatajulikana mtaa mzima kufikia magharibi. Weka pia mgao wa mada, ili kila mtu apate maswali ya sehemu, asilimia na vipimo. Na kila jibu lihifadhiwe papo hapo kwenye mashine yenyewe, maana stima ikikatika katikati ya mtihani, hutaki kumwambia mama aanze upya.

Kabla ya kuwaita watu, ipe programu watahiniwa wa kubuni ambao uwezo wao unaujua, uone kama inakurudishia uwezo ule ule.

Waeleze mapema kwamba hawawezi kurudi nyuma kubadilisha jibu, na kwamba kukutana na maswali magumu ni dalili wanapanda. Matokeo usiyatoe kwa asilimia ya waliyopata, kwa sababu mama na kijana wote watakaribia 70. Mwandikie kila mmoja anachokiweza sasa na kinachofuata: "Unagawanya bila shida, tutaanza na sehemu Jumatatu."