Unataka kupanda mikoko? Anza na maji, mbegu baadae

Kila tarehe 2 Februari, siku ya ardhi oevu duniani (siku ule mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, yaani maeneo ya majimaji kama mikoko, uliposainiwa kule Iran mwaka 1971), watu wanavaa tisheti mpya wanashuka pwani wanachomeka mikoko wanapiga picha wanaondoka, ukirudi baada ya miezi michache hukuti kitu. Haya maelezo ni ya vikundi na mashule yanayotaka miti, sio picha.

Faida yake wavuvi wanaijua. Kamba na samaki wengi wanakulia kwenye ile mizizi, wanajificha humo mpaka wapate ukubwa wa kutoka nje, kwahiyo mikoko ikikatwa hasara inaonekana kwenye nyavu. Mizizi inavunja mawimbi pia, na tope lake limeshika kaboni nyingi mno, ile inayopasha dunia joto ikiachiwa hewani. Pale Gazi, Kwale, pwani ya Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja unauza hiyo kaboni (yaani analipa anayetaka ibaki pale pale kwenye mikoko) tangu 2013, hekta 117 tu, na hela imeleta maji na kusaidia shule za hapo kijijini.

Haya, kazi sasa. Nenda kakague eneo siku za bamvua (maji yanapojaa sana na kupwa sana), maji yakiwa yamekupwa kabisa, na mchukue mzee mmoja wa hapo anayeijua hiyo pwani. Muulize kama hapo palishawahi kuwa na mikoko. Kama hapakuwahi achana napo, maana watu wanapenda sana lile tope tupu la mbele au kwenye nyasi bahari kwa vile ni peupe na halina mwenyewe, lakini maji yanakaa muda mrefu mno mche unazama, na nyasi bahari zenyewe ni malisho na maficho ya samaki, unaharibu kimoja kwa kisingizio cha kutengeneza kingine.

Kama ilikuwepo, muulize kwanini haijarudi yenyewe. Swali hili usiliruke hata kama mfadhili ana haraka. Mara nyingi njia ya maji imezibwa, pengine na tuta la barabara au kingo za mashamba ya chumvi yaliyotelekezwa, na ukichimba mfereji maji yakaanza kuingia na kutoka vizuri mbegu zinaletwa na bahari yenyewe, hupandi kitu. Pale Mwache, Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi likafukia mizizi ya kupumulia na mikoko ikafa. Sehemu ya namna hiyo kama udongo bado unashuka kutoka mashambani huko juu na wewe unapanda tu, unatwanga maji kwenye kinu.

Halafu mikoko ina aina nyingi, kila mti na mahali pake. Mlilana unakaa mbele kabisa unapigwa na bahari, nyuma yake mkoko wenyewe (aina iliyobeba jina la wote), ndo zinafuata muia na mkandaa, na mchu huko juu karibu na nchi kavu (ingawa mchu mtundu, utaukuta hata mbele). Usijaze mkoko kila mahali kisa mbegu yake ndefu ni rahisi kuchomeka. Angalia jirani kumeota nini, panda hicho.

Mbegu ya mkoko inaota ikiwa bado juu ya mti. Iliyokomaa ina pete ya manjano shingoni pale inapoungana na tunda, ukiigusa inaachia yenyewe, ikigoma iache. Zenye matobo ya wadudu tupa. Ziweke kivulini kwenye gunia lenye unyevu na uzipande ndani ya siku chache. Ile ncha nene iliyochongoka ndo inaenda chini, theluthi moja ndani ya tope, isimame wima, mche na mche mita moja. Nimeona watu wazima wanachomeka kichwa chini miguu juu na hakuna wa kuwaambia! Tope likiwa gumu toboa kwanza na kijiti, usipigilie. Mchu na mlilana mbegu zake ndogo zinasombwa, hizo otesha kitaluni kwanza. Na panda bamvua likishaanza kupungua ili miche ipate siku kadhaa za maji mafu (yasiyojaa wala kupwa sana) za kujishikiza.

Baada ya hapo pangeni zamu. Kaa wanakata miche, mbuzi wanapenda sana majani ya mchu, mifuko ya plastiki inakuja na maji inajiviringisha kwenye miche inailaza. Rudishieni iliyokufa, na mwaka ukiisha hesabuni iliyo hai, namba hiyo ndo iandikwe kwenye ripoti, sio ya siku ya kupanda.

Kibali nacho msisahau, mikoko ni msitu wa serikali: Tanzania bara mwone TFS (wakala wa misitu), Kenya KFS (shirika la misitu), na muende kabla hamjaokota hata mbegu moja.