Kabla ya kuandika mwongozo wa skripti ya kualika watu kwenye ubao wa Trello

Miongozo mingi ya zana za kualika watu huanza na amri ya kuendesha, ilhali maswali mazito yote yanatangulia amri hiyo. Mwaliko ukishafika kwenye barua pepe ya mtu, haurudishwi. Ndiyo maana sehemu ya maandalizi inafaa iwe ndefu kuliko sehemu ya matumizi. Hapa tunazungumzia skripti (programu fupi) ya kawaida kabisa: inasoma faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, lenye anwani za barua pepe, kisha inaita API ya Trello, yaani mlango ambao programu nyingine hupitia kuzungumza na zana hiyo ya kupanga kazi kwa kadi na mbao, na kumwongeza kila mtu kwenye ubao mmoja.

Eleza kwanza vyeo. API inapokea vitatu: `admin`, `normal` na `observer`. Usipotaja chochote, mtu anaingia kama `normal`, yaani mwanachama wa kawaida anayeweza kuhariri kadi. Na kama mipangilio ya ubao haijabadilishwa, mwanachama huyo naye anaweza kualika wengine; asiyetaka hivyo aweke kwanza kwamba wasimamizi pekee ndio wanaoongeza na kuondoa watu. Cheo cha mtazamaji (`observer`) ni cha mipango ya kulipia, Premium na Enterprise. Kama hamlipii, kisiwemo hata kwenye mfano, maana watu hunakili mfano kama ulivyo.

Nafasi nazo zihesabiwe mapema. Tangu 2024, eneo la kazi la bure (Workspace, yaani kundi la mbao za timu moja) lina kikomo cha washiriki 10, wakiwemo wageni, yaani walio kwenye ubao bila kuwa wanachama wa eneo la kazi. Faili lenye majina 20 litakwama katikati, na hapo utabaki na kikosi nusu ndani, nusu nje, bila kujua nani ni nani. Dawa yake ni hali ya majaribio inayochapisha orodha ya watakaoalikwa bila kutuma kitu, na mwongozo uitaje kabla ya amri halisi. Kwa wanaolipia, waambie pia kwamba mgeni aliye kwenye mbao zaidi ya moja huhesabiwa kwenye bili kama mwanachama.

Tokeni, yaani mfuatano wa herufi unaoipa skripti ruhusa ya kuingia Trello, ndiyo inayostahili maelezo marefu, kwa sababu wengi hudhani inahusu ubao mmoja. Sivyo. Tokeni inafanya kazi kwa jina la aliyeitoa, na inafika kwenye kila ubao ambao mtu huyo anaufikia. Anayeiona kwenye picha ya skrini ya mwongozo wako ameshika funguo zote. Shauri msomaji aombe ruhusa ya kusoma na kuandika tu, na muda wa mwisho uwe saa moja au siku moja. Chaguo la kutokwisha kabisa lipo, lakini kazi ya kualika watu hailihitaji. Tokeni iwekwe kwenye kigeu cha mazingira (thamani inayotunzwa na mfumo wa kompyuta nje ya skripti), kamwe isiwe ndani ya skripti. Onyesha pia inafutwa wapi: kwenye mipangilio ya akaunti, kazi ikiisha.

Sasa faili lenyewe, ambalo ndilo chanzo cha malalamiko mengi. Excel ikihifadhi CSV kwa UTF-8 (mfumo wa kuandika herufi) huweka alama isiyoonekana mwanzoni, na skripti italalamika kwamba safu ya `email` haipo huku mtu akiiona kwa macho yake. Kompyuta zenye mipangilio ya baadhi ya nchi za Ulaya hutenganisha safu kwa nukta-mkato badala ya mkato. Nafasi tupu mwishoni mwa anwani haionekani, nayo inaharibu vilevile. Kuna na alama ya kujumlisha: anwani kama `asha+kazi@example.com` ikipitishwa kwenye URL bila kusimbwa (kugeuzwa kuwa msimbo unaokubalika humo), alama hiyo husomwa kama nafasi tupu. Lazima iwe `%2B`. Kwenye mifano yako tumia example.com daima. Kikoa hicho kimetengwa kwa ajili ya mifano tangu 1999, kwa hiyo anayeendesha faili la mfano bila kulibadilisha hatamsumbua mtu yeyote.

Kasi haina shida kubwa. Kikomo ni maombi 100 kwa sekunde 10 kwa kila tokeni. Ukivuka unapata jibu la 429, yaani maombi yamezidi. Pumziko la nusu sekunde kati ya mialiko linatosha.

Kabla ya yote hayo, msomaji aangalie nani anauona ubao. Mwaka 2018 ilibainika kwamba nywila na nyaraka za ndani za Umoja wa Mataifa zilikuwa zikisomeka kwenye mbao za Trello zilizoachwa wazi kwa umma. Kualika watu kwa uangalifu hakusaidii kitu kama ubao wenyewe hauna mlango.

Mwisho, andika namna ya kumtoa mtu hata kama hakuna aliyeuliza. API humwondoa mtu kwa kitambulisho chake, si kwa barua pepe, hivyo skripti ihifadhi kumbukumbu ya kila aliyeongezwa na kitambulisho chake. Vinginevyo itabidi uorodheshe upya wanachama wa ubao na kumtafuta kwa jina. Kumtoa kwenye ubao hakumtoi kwenye eneo la kazi kama alishaongezwa huko. Na kama kuna kiungo cha mwaliko kilichowahi kutumwa kwenye kundi la WhatsApp, kizimwe kwanza, la sivyo aliyetolewa atarudi kwa kukibofya.