Figo za aliyekufa kwa majeraha ya moto: kuchukua sampuli na kusoma slaidi

1. Anza na faili. Tafuta aliishi saa ngapi baada ya kuungua, mkojo wake ulikuwa wa rangi gani, alikufa saa ngapi na mwili uliingia kwenye jokofu lini. Aliyefia motoni papo hapo, usitegemee kukuta mirija ya figo iliyokufa. Mabadiliko hayo yanahitaji saa kadhaa za uhai.

2. Pima uzito wa kila figo, vua utando, pasua kwa urefu.

3. Kata vipande vya unene wa milimita 4, kuanzia gamba la nje hadi ncha ya piramidi (sehemu ya ndani ya figo, yaani medula). Gamba peke yake halitoshi, maana kasti za rangi (vibonge vya protini vinavyoziba mirija) hukwama zaidi chini, kwenye mirija ya kukusanyia mkojo. Tumia fomalini ya 10% yenye bafa (chumvi zinazozuia asidi), angalau mara 10 ya ujazo wa nyama: fomalini kali ml 100, maji ml 900, sodiamu fosfeti ya haidrojeni mbili (monohaidreti) g 4, na ya haidrojeni moja isiyo na maji g 6.5. Usiruke bafa. Bila hiyo fomalini hugeuka asidi na kuacha chembe za kahawia iliyokoza, na utadhani ni rangi ya damu. Chembe hizo hung'aa kwenye mwanga wa polaraizi.

4. Kata slaidi za unene wa mikroni 3, zipake rangi ya H&E (hematoksilini na eosini, rangi ya kawaida ya slaidi) na PAS (rangi inayoonyesha sukari za kwenye utando na brashi ya seli).

5. Sasa penye kazi: je, mirija ilikufa mtu akiwa hai, au imeoza baada ya kifo? Mirija ya karibu na glomeruli (vichujio vya damu) huoza haraka mno, na hapo ndipo ripoti nyingi zinapoharibika. Viini vilivyofifia visikutoshe. Uozo hufifisha viini karibu kila mahali kwa usawa, na seli hubanduka zikiwa zimejaa ndani ya mrija. Madhara ya uhai huja kwa mabaka: mrija mmoja umetanuka, seli zake zimelala bapa kama zulia, wa jirani ni mzima. Tafuta seli zinazogawanyika, uvimbe kati ya mirija, na chembe nyeupe zilizojazana kwenye mishipa iliyonyooka ya medula. PAS hukuonyesha brashi ya seli (vinyweleo vya uso wa ndani wa mrija) ilipopotea, lakini uozo nao huifuta. Usiitegemee peke yake.

6. Kasti za kahawia-nyekundu: H&E haitenganishi mayoglobini (protini ya misuli) na hemoglobini (protini ya damu), hivyo agiza kingamwili ya mayoglobini, hasa kwa aliyeunguzwa na umeme. Perls (rangi ya kuonyesha chuma) ikitoka hasi usifute shaka, kwa sababu chuma kilichofungwa ndani ya hemu, sehemu ya protini hizo inayobeba chuma, hakishiki rangi hiyo.