Kabla hujatia sahihi hati ya kiapo katika kesi ya ndoa

Wengi wanaokwenda mahakamani kudai talaka, mali au watoto huwa wamejiandaa kwa hasira kuliko kwa karatasi. Hasira ndiyo inayomfanya mtu aandike "hajawahi kunipa hata senti," ilhali mwenzake alitoa, ila kidogo na kwa manung'uniko. Hayo ya senti huvunjwa na risiti moja. Angesema alipewa kidogo, hakimu angekuwa na jambo la kufanyia kazi.

Kwa hiyo soma hati yako neno kwa neno. Huandikwa na wakili au karani wake, lakini anayeapa ni wewe, na "wakili ndiye aliyeandika" haikuokoi. Penye "siku zote," jiulize kama ni siku zote kweli. Tarehe usiyoikumbuka usiibuni; sema huikumbuki. Sheria humwinda anayejua kwamba anachosema si kweli, tena kwenye jambo lenye uzito katika shauri. Aliyekosea rangi ya pazia hana cha kuogopa. Anayekana nyumba aliyoinunua mwenyewe anacho.

Kwenye vitabu, adhabu ni nzito: Tanzania, Kenya, India na Uingereza, kutoa ushahidi wa uongo mahakamani kunaweza kumfunga mtu hadi miaka 7. Namba hiyo haikufanana kwa bahati. Sheria za jinai za nchi hizo ni za ukoo mmoja. Tanzania na Kenya, hata anayemshawishi mwingine aseme uongo yumo katika adhabu hiyohiyo. Likumbuke hilo kabla hujampangia dada yako maneno ya kwenda kusema kizimbani.

Tuseme kweli, wachache hufika gerezani. Kesi ya ndoa huamuliwa kwa kupima upande upi unaelekea kuaminika zaidi, lakini jinai hudai uthibitisho usioacha shaka ya maana. Uingereza, neno la shahidi mmoja peke yake halitoshi kumtia mtu hatiani kwa kiapo cha uongo. India, mahakama yenyewe ndiyo hupima kwanza kama uongo huo unastahili mashtaka. Mtu akisikia hivyo hushusha pumzi, nami humwambia asiharakishe, kwa sababu bei ya uongo hulipwa zaidi ndani ya kesi ileile.

Hebu mwone mume aliyeapa, aya ya saba: "Sina chanzo kingine cha mapato." Wakili wa mke anampa karatasi. "Sahihi hii ni yako?" Ni yake. Ni mkataba wa kupangisha vyumba vinne. "Na kodi inaingia akaunti gani?" Hapo hata koo hukauka. Kinachouma zaidi ni kwamba huenda bwana huyu ndiye kweli anayempeleka mtoto shule kila asubuhi, lakini baada ya aya ya saba, nani atamwamini kwenye aya ya kumi? Hakimu anaweza kuchukulia kwamba zipo mali nyingine zilizofichwa, akampangia matunzo kwa kipimo hicho na kumtwisha gharama za kesi. Na usisahau, mahakamani unamdanganya mtu aliyelala nyumba moja nawe, anayejua droo gani inafungwa kwa ufunguo.

Hata makubaliano yakishafikiwa, uongo unaweza kuyafukua. Katika shauri la Sharland, Uingereza, mume alikana kwamba kampuni yake ilikuwa na mpango wa karibu wa kuuza hisa kwa umma, na mke akakubali mgawanyo kwa msingi huo. Muda mfupi baadaye magazeti yakaandika kwamba matayarisho yalikuwa yanaendelea. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilimruhusu mke arudi kudai upya.

Kusanya mapema taarifa za benki, mikataba, risiti za ada na jumbe za simu. Jumbe zitoe nzima, si kipande kinachokupendeza, wala usifute chochote, maana kuharibu au kughushi ushahidi ni kosa jingine kabisa. Mtoto usimkaririshe maneno ya kwenda kusema.

Ikiwa wewe ndiye uliyesingiziwa, usipige kelele kortini. Andika namba ya aya, uweke kando yake karatasi inayoikanusha, umpe wakili wako kwa ajili ya maswali ya dodoso, yaani yale anayomuuliza shahidi wa upande wa pili. Usimtishie mwenzako kwamba atafungwa asipokuachia nyumba. Kibao kinaweza kukugeukia. Wala usiite kila tofauti uongo. Wanandoa wawili wanaweza kuusimulia ugomvi mmoja kama ugomvi miwili, na kila mmoja akaamini anachosema.

Na kama umeshaapa jambo lisilo kweli, mwambie wakili wako leo, kabla upande wa pili haujaligundua. Aombe kuwasilisha hati ya ziada ya kusahihisha. Haifuti kosa, ila hakimu humtazama tofauti aliyejirekebisha na aliyekamatwa. Ukikataa, wakili anayejua ukweli hawezi kukitetea kiapo hicho. Huenda akajitoa, nawe ukatafute mwingine katikati ya kesi.