Kinu cha nyuklia kimepata shida na wewe ndo msemaji, unaanzia wapi?

Usianze na "hakuna hatari". Najua bosi atakuletea karatasi yenye hayo maneno, na najua sababu yake ni eti watu wasipate taharuki, ila yakishatoka mdomoni huyarudishi. Three Mile Island kule Pennsylvania, Marekani, Machi 28, 1979, kinu kilianza kuharibika saa kumi alfajiri, kampuni ikaanza kutuliza watu kwamba mambo yako sawa, jioni naibu gavana akasimama mbele ya waandishi akasema hali ni ngumu kuliko kampuni ilivyotuambia mwanzo. Basi, toka hapo hata kampuni ingesema leo Jumatano mtu angeenda kuangalia kalenda.

Siku mbili baadaye ndo ikawa vurugu kabisa. Helikopta ilipima mionzi juu ya bomba la kutolea hewa ikapata milirem 1,200 kwa saa (milirem ni kizio cha kupimia mionzi), kipimo cha juu ya bomba pale pale, lakini namba ikapita simu hii na simu ile mpaka kuna watu wakaielewa kama imepimwa huko nje kwenye makazi. Mara watu wahamishwe, mara wakae ndani wafunge madirisha, mwishowe gavana Thornburgh akashauri wajawazito na watoto wadogo walio ndani ya maili 5 waondoke. Walioshauriwa ni elfu chache tu, walioondoka ni kama 140,000! Na mi siwalaumu, ukisikia mjamzito aondoke na wewe una mke na watoto wanne utabaki unafanya nini. Kwa hiyo namba yoyote kabla hujaitoa uliza imepimwa wapi, saa ngapi, na nani, ukikosa jibu moja shikilia kwanza hiyo namba.

Sasa meseji yenyewe. Watu wanataka kujua wafanye nini, stori ya vali na pampu itakuja baadaye. Andika hivi:

"Sasa ni saa nne na nusu asubuhi. Kinu kimepata hitilafu na mionzi kiasi imetoka nje. Kama uko ndani ya kilomita 5 ingia ndani, funga milango na madirisha, zima feni na AC. Watoto walio shuleni wako ndani na walimu wao, usiende kuwachukua. Bado hatujajua ni kiasi gani kimetoka, vipimo vinaendelea. Tutarudi tena saa tano kamili."

Hiyo sentensi ya watoto usiisahau hata kidogo, bila hiyo barabara yote itajaa wazazi na pikipiki. Na ukisema saa tano, saa tano urudi hata kama huna jipya, sema tu huna jipya.

Halafu saa. Sisi wa Kiswahili tuna huu mtego, ukiandika "kaeni ndani mpaka 2" mmoja anasoma saa nane mchana mwingine anasoma saa mbili usiku. Andika saa nane mchana, kwa maneno, yaishe.

Neno mionzi nalo watu wanalijua la hospitali, eksirei na tiba ya kansa, basi. Tofauti ya mionzi yenyewe na vumbi lenye mionzi mi huwa naieleza kwa kibatari: wewe ukiingia chumba kingine na kufunga mlango mwanga wake haukufikii, ila masizi yakikushika mkononi unatembea nayo mpaka kwenye sahani ya mtoto. Ndo maana tunawaambia watu wavue nguo za nje mlangoni na waoge, hata bibi anaelewa.

Vidonge vya iodini vitaulizwa dakika ya kwanza. Vinalinda tezi ya shingo tu, basi, na vinamezwa mamlaka ikisema. Sema pia wazi kwamba chumvi yenye madini joto haisaidii, maana 2011 baada ya ajali ya kinu cha Fukushima kule Japani watu China waligombania chumvi madukani, na Ufilipino ikazunguka meseji feki yenye jina la BBC ikiwaambia watu wapake betadini, ile dawa ya vidonda, shingoni. Uvumi kama huo ujibu siku hiyo hiyo, kwa maneno mafupi kama yake.

Msemaji awe mmoja. Three Mile Island ilitulia kidogo alipofika Harold Denton wa tume ya nyuklia ya Marekani, mhandisi anayeongea taratibu kwa lugha ya kawaida, na akawa ndo mdomo wa habari za kinu. Na usiseme "kwa muda mfupi" kama huna uhakika. Watu wa Pripyat, mji wa Ukraine karibu na kinu cha Chernobyl kilicholipuka, Aprili 27, 1986 walitangaziwa kwenye redio kwamba wanahamishwa kwa muda, wakabeba vitu vichache, hawakurudi kuishi tena.

Mwisho ni meseji ya kusahihisha, ambayo karibu kila mtu anaisahau. Januari 12, 2020, Jumapili asubuhi, watu wa Ontario, Kanada waliamshwa na simu zao kwamba kuna tukio kwenye kinu cha Pickering. Ilikuwa makosa ya mtu kwenye zamu. Meseji ya pili ya kusema ni makosa ilikuja baada ya saa moja na dakika kama 48, watu washaingiwa na hofu. Sasa wewe iandike leo kabisa, "Taarifa ya saa fulani ilitumwa kimakosa, kinu hakina shida, usihame", iweke faili moja na ile ya dharura, na mtu wa zamu awe na ruhusa ya kuituma bila kumpigia bosi.