Istanbul hadi Konya na familia nzima: treni, basi au ndege?

Familia nyingi za Mombasa zinazokwenda Uturuki likizo hupanga ndege na hoteli ya Istanbul vizuri, kisha safari ya kwenda Konya au Bursa ikaachwa kwa "tutajua huko huko". Hapo ndipo pesa na subira huishia. Ukiwa na bibi, watoto na mabegi manne, usihesabu kasi ya chombo. Hesabu ni mara ngapi mtashusha na kupakia mabegi.

Chukua Konya, ambako wengi huenda kuzuru kaburi la Rumi, mshairi na sufi maarufu. Ndege iko hewani saa moja na robo hivi, lakini ongeza teksi ya kwenda uwanjani, kufika mapema, kungoja mabegi, na teksi nyingine. Jumla ni muda wa saa tano au zaidi, na mabegi yameinuliwa mara nne. Treni ya kasi, YHT, huchukua karibu saa tano na huinui begi njiani. Basi huchukua kama saa kumi. Kwa familia, treni ndiyo jibu, isipokuwa siti zimekwisha.

Nazo huisha. Tiketi za treni hazifunguliwi miezi mapema kama za ndege. Mara nyingi ni wiki chache tu kabla ya safari, kwa hiyo chungulia tovuti ya TCDD, shirika la reli la Uturuki, kila siku mbili tatu. Fomu huomba namba ya kitambulisho cha Kituruki: chagua sehemu ya raia wa kigeni, uandike namba ya pasipoti ya kila mmoja, watoto pia, na jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Malipo ndiyo hukwamisha watu. Benki hutuma namba ya siri kwa meseji kwenye laini ya Kenya, na laini hiyo ikiwa haijafunguliwa romingi meseji haifiki. Fungua romingi kabla ya kuondoka Mombasa na uwe na kadi ya pili. Kadi ikikataa mara mbili, usishindane nayo. Nenda ukanunue dirishani stesheni na pasipoti zote mkononi.

Treni nyingi za Konya huanzia Söğütlüçeşme, upande wa Asia. Si kama Miritini, stesheni ya Madaraka Express, treni ya Mombasa hadi Nairobi, ambako lazima utoke mjini kwanza. Söğütlüçeşme iko Kadıköy, katikati ya watu. Ukilala karibu na Sirkeci, upande wa Ulaya, panda Marmaray, treni ipitayo chini ya bahari tangu 2013. Ni kama robo saa tu. Ila asubuhi watu wakienda kazini hujaa pomoni, na begi kubwa na kigari cha mtoto ni mateso. Saa hizo chukua teksi, na kumbuka teksi ya kawaida hubeba abiria wanne. Watu sita ni teksi mbili, na kila moja iwe na mtu mzima mwenye simu.

Fika dakika 45 kabla. Mabegi hupita kwenye mashine ya ukaguzi kama kwa Madaraka Express. Sehemu ya mabegi makubwa iko mwisho wa behewa na hujaa upesi, basi mtu mmoja mwenye nguvu atangulie na mabegi, mwingine awakalishe bibi na watoto.

Sasa saa. Uturuki iliacha kubadilisha saa 2016, kwa hiyo saa za huko ni zile zile za Mombasa mwaka mzima. Tatizo ni kusoma tiketi, maana huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Kuanzia 07 hadi 18, toa sita: 13:45 ni saa nane kasorobo mchana. Kuanzia 19, toa kumi na nane: 19:20 ni saa moja na dakika ishirini usiku. Baada ya 00, ongeza sita. Basi la Ijumaa 00:40 huondoka saa sita na dakika arubaini, usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi usiku muwe tayari kituoni. Bibi anayehesabu siku kuanzia magharibi atalielewa mara moja. Vijana ndio hungoja Ijumaa usiku na kukuta basi lilishaondoka jana.

Mkilazimika kupanda basi, jueni mambo mawili. Mfumo wa tiketi huuliza jinsia, na mwanamke hapewi siti ubavuni mwa mwanamume asiye wake, kwa hiyo kateni tiketi zote kwa mkupuo mmoja ili mama na mtoto wa kiume wasitenganishwe. Pili, mabasi mengi hayana choo. Husimama kila baada ya muda wa saa mbili au tatu, penye vyoo na mara nyingi chumba cha kuswalia. Mtoto anayetapika akae mbele, asile chipsi kabla ya kupanda.

Bursa haina treni. Feri kutoka Eminönü, Istanbul, hadi bandari ya Mudanya huchukua kama muda wa saa mbili, kisha basi la kwenda Bursa mjini. Lodos, upepo mkali wa kusini, ukivuma, hasa majira ya baridi, feri hufutwa. Angalia jioni iliyotangulia, na ujue basi mbadala linaondoka wapi.

Desemba Konya hushuka chini ya sifuri usiku, maana mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Makoti yawe mkononi, si ndani ya begi lililo mwisho wa behewa. Na mkisafiri karibu na Idi, kateni tiketi siku ile ile zinapofunguliwa: nchi nzima huenda makwao. Waturuki hupanga Idi kwa hesabu, hawangoji mwezi uonekane, kwa hiyo siku yao inaweza kutofautiana na ya Mombasa.

Kurudi, laleni Istanbul usiku mmoja kabla ya ndege ya nyumbani, na msome tiketi: Istanbul ina viwanja viwili vya ndege, IST upande wa Ulaya na SAW upande wa Asia, na kati yao kuna kama kilomita 80 za foleni.